Menyu ya Kiitaliano Ipo Kisumu, Ni Vile Inaletwa kwa Trei Moja

Kila baada ya wiki chache naona video ya msee wa Kisumu amesafiri Nairobi ama Malindi, ameketi kwa mkahawa wa familia ya Kiitaliano, analetewa chakula kwa awamu. Kwanza antipasto, vitu vidogo vya kufungua tumbo. Halafu primo, yaani pasta ama wali. Halafu secondo, nyama ama samaki, na mboga zake kando zinaitwa contorno. Mwisho kitu tamu na kahawa. Huchagui chochote, mwenye jikoni ameshaamua. Video inaisha na swali lile lile: Kisumu tutapata hii lini?

Mimi nauliza, kwani Lwang'ni tulikuwa tunakula nini?

Kama hukuwahi kufika: lwang'ni ni nzi kwa Dholuo, na ndilo jina la ile safu ya vibanda vya samaki iliyokuwa ufuoni karibu na bandari. Hakuna mtu alikupa menyu. Uliingia kwa mama fulani, yeye anapika, binti yake anahudumia, mpwa wake yuko nje anavuta wateja. Ukaonyesha samaki kwa kidole, ukaulizwa tu kama unataka mkavu ama wet fry. Birika na beseni zikaja, ukanawa. Kisha trei: samaki mzima na kichwa chake, mchuzi, ugali, sukuma ama osuga, kachumbari, pilipili. Familia ilipanga, wewe ukala. Tofauti na ile video ni kwamba vyote vilifika pamoja.

Na kufika pamoja si ushamba. Ulaya yenyewe, mpaka karne ya 19, karamu za matajiri zilipangwa sahani nyingi mezani kwa mpigo. Huu mtindo wa sahani moja moja ulienea baadaye, na Wafaransa wakauita mtindo wa Kirusi. Yaani hata hicho kitu tunaita cha kizungu asili, kiliazimwa jana tu.

Sasa tuje kwa ugali, kwa sababu hapa ndipo nilipata moto. Kaskazini mwa Italia kuna chakula kinaitwa polenta. Maji yanachemka, unga unaingia, unasonga mpaka mkono uchoke. Mathe yeyote wa Nyalenda akiona atakuambia hiyo ni uji mzito wa mtu ambaye hajui kumaliza ugali. Zamani polenta ilipikwa kwa mtama, ulezi na nafaka nyingine. Mahindi yalifika Ulaya kutoka Amerika baada ya safari za Columbus, na polepole yakazifukuza zile nafaka za zamani. Maskini wa kaskazini walikula mahindi karibu peke yake, na katika karne ya 18 na 19 wengi waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini fulani.

Hadithi yetu ni ile ile, imechelewa tu. Kuon ya nyanya za nyanya zetu ilikuwa ya mtama na wimbi, nyekundu ama ya kahawia. Mahindi meupe yalisukumwa Nyanza na serikali ya kikoloni: John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, aliwahimiza wakulima na kuwagawia mbegu. Mwaka 1964 mbegu chotara zikaanza kutoka Kitale. Leo ukiletewa ugali wa kahawia hotelini unaambiwa ni wa wagonjwa wa sukari. Chakula cha asili kimekuwa dawa, na cha mgeni ndiyo mila. Sijui kama nicheke.

Samaki ndiye ana historia ndefu kuliko wote kwenye trei. Reli ilifika hapa Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence. Watu hudhani ni Florence ya Italia, kumbe ni jina la mke wa mhandisi wa reli. Mwaka 1905 Mnorwei mmoja, Aarup, akaleta nyavu za kisasa. Reli ikasafirisha samaki mbali, nyavu zikavua haraka, na ngege, yule tilapia wa ziwa hili hasa, akaanza kupungua. Miaka ya 50 na 60 wakaletwa samaki wageni: tilapia wa Nile, na mbuta. Mbuta akala fulu mpaka aina nyingi zikapotea. Hivyo tilapia mkubwa unayempiga picha Dunga kama alama ya Kisumu, kuna uwezekano mkubwa ni mjukuu wa mgeni.

Lakini mbuta alileta pesa. Kuanzia miaka ya 80 viwanda vilijengwa, fileti ikakatwa, ikagandishwa, ikapelekwa Ulaya. Italia ilikuwa miongoni mwa wanunuzi. Kwa hivyo ile secondo ya samaki mweupe asiye na mfupa, kwenye trattoria ya familia fulani huko, inawezekana kabisa ilitoka kwa maji haya. Mwishoni mwa miaka ya 90 Uhispania na Italia walizuia samaki wetu kwa hofu ya salmonella, kisha Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kwa ajili ya kipindupindu, kisha tena 1999 kwa sababu ya samaki waliovuliwa kwa sumu. Mtu wa mbali akikataa sahani, mvuvi wa Homa Bay analala njaa.

Na baada ya fileti kuondoka, Kisumu ilibaki na nini? Mgongo wazi. Kichwa, mifupa, na vipande vilivyoshikilia. Kina mama wa Obunga walinunua hiyo mifupa kutoka viwandani, wakaikaanga, wakalisha mtaa na kusomesha watoto. Hii ndiyo sehemu inaniuma. Tunaita mgongo wazi chakula cha mtaa kana kwamba tuliuchagua. Tuliachiwa. Ila wale mama walichukua kilichoachwa wakakifanya kitamu, na hiyo ni akili ya upishi ambayo mtu wa nyota za Michelin angelipia.

Lwang'ni yenyewe ilibomolewa wakati bandari ilikuwa inafufuliwa, kwa sababu ardhi ni ya reli. Ile reli iliyoleta wateja ikarudi kuchukua uwanja. Baadhi ya wapishi walihamia kwingine, na sokoni leo samaki aliyegandishwa kutoka China anauzwa kando ya yule wa ziwa.

Waitaliano walifanya kitu kimoja ambacho sisi hatujafanya. Mwaka 1891, huko Florence ya kwao, mzee anaitwa Pellegrino Artusi alichapisha kitabu cha mapishi ya nyumbani kwa pesa zake mwenyewe. Hakuwa mpishi, alikuwa ameuza hariri. Watu walimwandikia, akaongeza mapishi yao toleo baada ya toleo mpaka yakafika 790. Mapishi ya majikoni ya kina mama yakawa chakula cha taifa kwa sababu mtu aliandika.

Mimi niliacha chuo, sina cheti cha historia wala cha upishi, lakini simu ninayo. Nimesharekodi mama watatu. Wa kwanza anasema wet fry haiwekwi maji mpaka nyanya ziive kabisa na mafuta yaelee juu. Wa pili anasema huyo wa kwanza anadanganya. Wa tatu amekataa kusema, anataka kwanza nije na unga wa mtama.