Wino wa Kunywa, Wino wa Kukaa

Huko Pwani, tangu enzi, mwalimu huandika aya kwenye sahani nyeupe kwa zafarani iliyoyeyushwa katika marashi ya waridi. Akimaliza, sahani inaoshwa na mgonjwa anayanywa yale maji. Hiyo ndiyo kombe, na hadi leo wapo wanaoitumia. Pwani hiyo hiyo, kwenye mji wa Siyu kisiwani Pate, wanakili wa karne ya 18 na 19 waliandika misahafu ambayo bado inasomeka. Wino wa sahani ulitakiwa utoke. Wino wa msahafu ulitakiwa ukae.

Sasa twende Kibabii, barabara ya Bungoma kwenda Chwele. Mwaka 2011 pale palifunguliwa chuo kishiriki cha Masinde Muliro, na mwaka 2015 kikawa chuo kikuu kamili. Penye wanafunzi kuna kuprinti: fomu za HELB, barua za attachment, notisi, proposal. Ndipo utamkuta jamaa wa saiba ana chupa nne za wino na sindano isiyo na mgonjwa, anajaza katriji iliyotakiwa kutupwa. Swali analojibu kila wiki, hata kama hajui, ni lile la Siyu: huu wino, utoke au ukae?

Wino wa kukaa una historia ndefu. Misri na China ya kale walichanganya masizi, gundi na maji. Masizi hayayeyuki. Chembe zake zinaelea tu, kisha gundi inazishika kwenye karatasi. Huo ndio ukoo wa wino wa pigimenti. Wino wa pili ni wa rangi iliyoyeyuka kabisa, kama sukari kwenye chai. Unang'aa vizuri kwenye picha, lakini ukiguswa na maji unatembea, na ukikaa juani unapauka.

Mashine zenyewe ni za juzi. Mwaka 1977, Japani, mtafiti wa Canon aitwaye Ichiro Endo aliona ncha moto ya chuma cha kulehemu ikigusa sindano yenye wino, na wino ukaruka. Wakaelewa kwamba joto likitengeneza kiputo, kiputo kinasukuma tone. Hewlett-Packard nao walikuwa njia hiyo hiyo, wakatoa ThinkJet mwaka 1984, kisha DeskJet mwaka 1988 kwa dola 995. Epson wakaenda njia nyingine: kijipande kinachojikunja umeme ukipita, bila joto. Ndiyo maana wino wa mashine moja hauwezi tu kumwagwa kwenye nyingine.

Baadaye bei ya printa ikashuka sana, na pesa ikahamia kwenye wino. Katriji zikawekewa chipu ili zimkatae mgeni. Kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambako Lexmark ilikuwa imeishtaki kampuni iliyouza tena katriji za tona zilizojazwa. Mwaka 2017 mahakama ikasema ukishauza kitu, haki yako ya hataza juu yake imeisha. Wenye sindano huku kwetu hawakuwa wakingoja hukumu.

Kwa hivyo unachagua aje? Kwanza jua katriji ilizaliwa na wino gani. Printa nyingi za ofisini zina nyeusi ya pigimenti na rangi za kuyeyuka. Ukiweka pigimenti kwenye katriji ya wino wa kuyeyuka, vitundu vinaweza kuziba. Ukifanya kinyume, itaprinti sawa tu, na hapo ndipo shida inajificha, kwa sababu kwa macho huoni tofauti. Na usichanganye hizo mbili, zinaweza kugandana.

Picha ya mtoto wa CBC, anayekumbuka homework saa mbili usiku, haihitaji kuishi miaka 30. Wino wowote unatosha. Lakini Bungoma watu huuziana robo eka kwa karatasi moja iliyochapwa saiba, wakaweka sahihi na vidole gumba, kisha ikakunjwa na kuwekwa kwenye sanduku chini ya paa la mabati. Mvua ya jioni inajulikana. Siku watoto wa muuzaji na wa mnunuzi watakapobishana kuhusu mpaka, hiyo karatasi ndiyo shahidi. Kama ni wino wa kuyeyuka na paa lilivuja, shahidi amekunywa maji.

Mimi sikumaliza chuo, so sina cheti cha kulinda. Ila karatasi za nyumbani ninazo, na mpya nikiichukua huwa naomba ukurasa wa majaribio, nausubiri ukauke, naweka tone la maji na kupitisha kidole. Ukitoka, naomba kuprintiwa kwa leza, maana tona ni unga wa plastiki ulioyeyushwa juu ya karatasi, haujali maji. Nalipa shilingi chache zaidi. Jamaa wa saiba hucheka, lakini hajawahi kukataa.