UZI: Mtoto anachukuliwa kwa kosa gani hasa?

1/ Mjadala wa ulinzi wa watoto ukipamba moto, hakosi mtu wa kuuliza: kwani mzazi mwenye ulemavu wa akili aachiwe mtoto kweli? Swali hili lina historia, tena chungu. Twende Marekani kidogo.

2/ Virginia, 1924. Carrie Buck, msichana wa miaka 17, anajifungua. Alisema alibakwa na jamaa wa familia iliyokuwa ikimlea. Familia hiyo ikadai ana akili pungufu, akafungiwa kwenye taasisi alikokuwa mamake. Mtoto, Vivian, akabaki na familia ileile.

3/ Mwaka huohuo Virginia ilipitisha sheria ya kuwafunga kizazi watu walioitwa hivyo, hata kwa lazima. Kesi ya Carrie ikafika Mahakama ya Juu. 1927, majaji 8 dhidi ya 1 wakaipitisha. Hoja: nyanya, mama na mtoto, wote wana kasoro.

4/ Na ushahidi kuhusu mtoto? Afisa wa ustawi alimtazama akiwa na miezi michache tu, akasema haonekani wa kawaida. Basi! Vivian alipoingia shule, jina lake likatokea kwenye orodha ya waliofanya vizuri. Alifariki 1932, miaka 8.

5/ Sheria hiyo ilifutwa 1974, lakini fikra yake ilibaki kwenye mahakama za familia. Ripoti ya baraza la serikali ya 2012 ilikuta kwamba takriban theluthi mbili ya majimbo bado yalitaja ulemavu kama sababu ya kukatisha haki za mzazi. Ongeza sheria ya 1997: mtoto akilelewa nje miezi 15 kati ya 22, kwa kawaida jimbo lifungue kesi. Anayejifunza polepole, muda unamwishia.

6/ Utasema kuna watoto wanaoumia. Ni kweli, na waokolewe. Lakini mzazi mwingine huhukumiwa kwa alichotenda. Huyu anahukumiwa kwa cheti cha daktari.

7/ Na sisi je? Kenya iliridhia Mkataba wa UN wa Haki za Watu Wenye Ulemavu 2008. Kifungu cha 23 kinakataza kumtenga mtoto na wazazi kwa sababu ya ulemavu wao, na kinaitaka serikali iwasaidie kulea. Katiba yetu, kifungu 2(6), inaufanya mkataba huo kuwa sehemu ya sheria za Kenya.

8/ Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani na hoja hii, muulize moja tu: kabla mtoto achukuliwe, mzazi alisaidiwa vipi?