Ngitili za Shinyanga na Mwenye Kauli juu ya Malisho

Anayesoma historia ya Shinyanga na Geita hukutana kwanza na vya chini ya ardhi: almasi za Mwadui zilizogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, mgodi wa dhahabu wa Geita wa enzi ya Waingereza uliofungwa mwaka 1966, kisha makampuni makubwa yaliyoingia mwishoni mwa karne ya 20. Historia hiyo ni ya kweli, ila imeandikwa kutoka dirishani kwa mwenye leseni. Ukitaka kujua kijiji cha Usukuma kilijitawala vipi, kilipokonywa nini na kimerudishiwa kiasi gani, ushahidi ulio bora zaidi uko juu ya ardhi, kwenye ngitili: eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa ukame unapokolea. Hoja yangu ni kwamba ngitili zilistawi pale watumiaji wenyewe walipokuwa na kauli juu yake, na kauli ilipohamia kwingine majani nayo yaliondoka.

Nchi yenyewe ililazimisha utaratibu huu. Shinyanga hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, kiasi cha milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, nayo haina ahadi. Yaweza kunyesha wiki mbili mfululizo kisha ikakata mpaka mtama unyauke. Kwenye miinuko kuna udongo wa kichanga unaofaa viazi vitamu, karanga na mihogo. Mabondeni kuna mbuga, udongo mweusi mzito unaonasa miguu ya ng'ombe wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Mfugaji hucheza na pande hizo mbili mwaka mzima. Mavuno yakiisha, mashamba huachwa wazi, na ng'ombe wa jirani hula mabua bila mwenye shamba kulalamika, kwa kuwa kesho wake nao watakula kwa mwenzake. Ndiyo miezi ya ngoma, vyama vya ngoma vya Bagalu na Bagika vikishindana, na ndiyo miezi ambayo akina mama hukata na kuanika viazi kuwa michembe na matobolwa ili kaya ivuke miezi ya njaa. Ngitili ni michembe ya ng'ombe. Hufunguliwa mabua yakishakwisha, na wanaotangulizwa ni wale wasioweza kufuata malisho mbali: ndama, ng'ombe wanaokamuliwa, wagonjwa, na maksai watakaovuta plau mvua zikirudi. Humo pia hupatikana kuni, nyasi za kuezekea, asali na mizizi ya dawa, na kwa siku za kawaida pengine mwanamke anayetafuta kuni huijua ngitili kuliko mumewe anayejisifia mifugo.

Utaratibu wa namna hii si kioja cha Usukuma. Katika kijiji cha Törbel, kwenye miteremko ya jimbo la Valais huko Uswisi, wanakijiji waliandikiana mkataba mwaka 1483 juu ya malisho ya mlimani, misitu na ardhi isiyolimwa. Mwaka 1517 kukawa na sharti kwamba hakuna atakayepeleka mlimani ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha majira ya baridi kwa nyasi zake mwenyewe. Mkaguzi waliyemchagua alitoza faini, na sehemu ya faini ikawa yake. Mtaalamu wa sayansi ya siasa Elinor Ostrom aliutumia mfano wa Törbel kupinga imani kwamba mali ya wote lazima iharibiwe na wote. Usukuma haukuwa na karatasi, lakini ulikuwa na dagashida, mkutano wa jamii uliotunga masharti na kumtenga au kumtoza mkaidi. Tofauti iliyo kubwa ni kwamba mkataba wa Törbel uliheshimiwa na tawala zilizofuata, wakati dagashida ilipitwa mara tatu ndani ya miaka hamsini.

Mara ya kwanza ilikuwa kwa nia njema. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni, chini ya mtaalamu Charles Swynnerton, iliwakusanya watu kwa maelfu kufyeka vichaka ili kuondoa mbung'o. Mbung'o walirudi nyuma kweli, ng'ombe wakaongezeka, ila fikra kwamba mti ni adui ikabaki kama sera. Mara ya pili ilikuja na pamba, iliyopanuka sana baada ya vita vya pili vya dunia na kuimeza ardhi iliyokuwa ya malisho. Ya tatu ndiyo iliyouma zaidi. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 na 1975 ilihamisha kaya zilizotawanyika na kuzipanga kwa mistari, na ngitili zikaachwa mbali na wenyewe. Ardhi ikawa ya kijiji chote, maana yake ikawa haina mlinzi. Miaka kumi baadaye Shinyanga ilikuwa ikiitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wakati huo ngitili zilizohesabiwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 makadirio yalipita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Hapa msomaji makini atanishika: mradi ulikuwa wa serikali, fedha nyingi zikatoka Norway, basi kauli ya wanakijiji iko wapi? Jibu liko katika mbinu. Kupanda miche kutoka vitalu vya serikali kulileta matunda haba. Kilichoenea kwa kasi ni kuufungia uoto uliokuwapo ujiotee wenyewe, jambo ambalo wazee walilijua kabla ya mtaalamu yeyote kufika. Masharti yalipitishwa na mikutano ya vijiji, dagashida ikatumika tena, na ulinzi ukafanywa na sungusungu, walioibuka ukanda huu mwanzoni mwa miaka ya 1980 dhidi ya wezi wa mifugo. Fedha za Norway zingeweza kununua miche mingi. Zisingeweza kumfanya mlinzi akeshe kila usiku vijijini.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la usawa. Ngitili nyingi zilizorudi ni za kaya, na kaya yenye ardhi kubwa ndiyo yenye ngitili kubwa. Asiye na ng'ombe wala eneo hubaki na ngitili ya kijiji, ambayo mara nyingi huwa ndogo na yenye migogoro. Sikatai. Kauli ya wanakijiji haikuwa kamwe kauli sawa kwa wote. Zamani ilikuwa ya wanaume wazee na watemi, na leo mwenye mifugo husikilizwa kuliko mwenye jembe. Ila pingamizi hili ladai mkutano mpana zaidi, halidai mkutano uondolewe.

Ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama unaonyesha hali ilivyo pale mkutano unapokuwa wa kusikiliza tu. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, wilayani Kahama, na mwaka 2001 mgodi mkubwa ukafunguliwa. Kwa sheria madini ni mali ya taifa, na hilo lina mantiki yake: dhahabu ya Geita imejenga barabara mbali na Geita. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ina kipimo chake. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kwa manufaa ya umma, na ikiwa haizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji hukubali au hukataa. Ikizidi hapo, mkutano hutoa maoni na waziri ndiye huamua. Ngitili ndogo basi inalindwa na kijiji, na mgodi mkubwa, ukizidi kipimo hicho, unaamuliwa kwingine. Wachimbaji wadogo nao si malaika: maduara, yaani mashimo yao, yanahitaji matimba ya kushikilia kuta, nayo hukatwa kwenye misitu na ngitili za jirani, na mkutano wa kijiji kinachoishi kwa dhahabu huona aibu kumzuia kijana wake.

Litabaki swali la wanaohama. Wasukuma wamefika Geita, Rukwa hata Morogoro, na mwaka 2006 wafugaji wengi waliondolewa bonde la Ihefu. Kama ngitili ilitosha, mbona waliondoka? Haikutosha kwa kila kundi la ng'ombe, wala haikuahidi hivyo. Valais nayo ilipeleka watu wake Argentina karne ya 19 na malisho ya Törbel yakaendelea. Mhamiaji wa Kisukuma hufika na ng'ombe, plau na ujuzi wa kufunga malisho. Asichofika nacho ni haki ya kukaa kwenye mkutano wa huko, na huko, kwa mgeni asiye na kauli, ujuzi huo haujapata pa kufanyia kazi.