Waliokataa Kutia Dole

Mwishoni mwa mwaka 1929, Mkristo wa misheni ya Waskoti katika nchi ya Wakikuyu alitakiwa aseme yuko upande gani, na asiyejua kuandika alitia dole. Daktari John Arthur, mkuu wa misheni ya Thogoto (jina ambalo ndimi za wenyeji zililifinyanga kutokana na Scotland), alitaka waumini wakane tohara ya wasichana na, kwa pumzi hiyohiyo, chama cha siasa cha Kikuyu Central Association. Waliokubali wakaitwa kirore, yaani alama ya dole. Waliokataa wakaitwa aregi. Mwalimu akikataa, kazi imekwisha.

Misheni ilikuwa imewalea kwa mkono mgumu. Pombe dhambi, ngoma dhambi, mke wa pili dhambi, na wazee wa kanisa walikuwa na uwezo wa kumtenga mtu na Meza ya Bwana. Johnstone Kamau, aliyebatizwa Thogoto mwaka 1914 na baadaye kujulikana kama Jomo Kenyatta, naye alionja kutengwa huko.

Kamba iliyovutwa namna hiyo ikikatika, mtu hutazamia kishindo, na kishindo kilikuwapo. Wimbo wa Muthirigu uliwakejeli wamishenari na watawala vijijini kote hadi serikali ikaupiga marufuku Januari 1930. Mwezi huohuo Hulda Stumpf, mmishenari Mmarekani, aliuawa nyumbani kwake Kijabe.

Hata hivyo, aregi wengi waliondoka na Biblia mkononi.

Walijenga shule zao wenyewe kwa michango ya wazazi, wakafundisha kusoma na hesabu, na Kiingereza wakakitaka kuliko hata misheni ilivyokuwa tayari kukitoa. Jumapili waliabudu. Mwenye wake wawili hakufukuzwa. Wakati huohuo walikuwapo waliokwenda mbali zaidi: Watu wa Mungu, manabii wenye vilemba, walikataa shule, dawa za hospitali na mavazi ya kizungu. Februari 1934 watatu kati yao waliuawa kwa risasi za polisi katika msitu wa Ndarugu.

Wenye shule nao hawakuwa kitu kimoja. Chama cha shule huru cha KISA, chenye nguvu Murang'a na Nyeri, kilikubaliana na serikali mwaka 1936 kuhusu mtaala na ukaguzi. Wenzao wa Kiambu walijiita Karing'a, yaani halisi, wasiochanganywa, na hawakutaka makubaliano hayo. Ugomvi huu wa ndugu ndio unaofundisha zaidi kuliko ule wa Thogoto, kwa sababu hapa watu walibishana juu ya kipimo: tuchukue kiasi gani, tuache kiasi gani?

Mfano mzuri ni suala la mapadri. Waasi walitaka upadrisho wa halali! KISA ilimwendea kwanza askofu wa Kianglikana, lakini masharti hayakuafikiwa. Ndipo akaalikwa Daniel William Alexander, Askofu Mkuu wa African Orthodox Church kutoka Afrika Kusini. Alifika Mombasa mwaka 1935, akafungua seminari Gituamba, na kabla ya kuondoka mwaka 1937 akawawekea mikono wanafunzi wake. Nao wakagawanyika papo hapo katika makanisa mawili.

Katika mizani hiyo yote, msichana hakuulizwa. Misheni ilizungumza kwa niaba yake, wazee wakazungumza kwa niaba yake, na wembe ukabaki pale ulipokuwa. Ngugi wa Thiong'o, aliyesoma Manguo, shule ya Karing'a, aliliona pengo hilo: katika The River Between, riwaya ya mwaka 1965, anayejaribu kuunganisha pande mbili, na kufa akijaribu, ni Muthoni, binti wa mhubiri mkali. Mwalimu Waiyaki anajaribu baada yake kwa njia ya shule, na kuishia mikononi mwa baraza la wazee wa kabila lake.

Serikali ya kikoloni haikuwa na subira ya kutofautisha. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952, shule za KISA na za Karing'a zilifungwa kwa pamoja, pamoja na chuo cha ualimu cha Githunguri alichokianzisha Mbiyu Koinange mwaka 1939. Githunguri hapakubaki patupu. Katika eneo hilohilo ilisimamishwa mashine ya kunyongea watu.