Printa ya leza isiyo na waya kwa nyaraka za mzigo

Mfanyabiashara anayeandaa ankara na orodha ya bidhaa usiku nyumbani, gari likiondoka alfajiri, anahitaji printa isiyomwangusha. Zile za wino wa maji huuzwa kwa bei nafuu, lakini zikikaa wiki kadhaa bila kutumika matundu yake huziba. Tena karatasi ikinyeshewa mpakani, maandishi yake mara nyingi huchujuka. Printa ya leza hutumia unga, yaani tona, unaoyeyushwa kwa joto na kushika kwenye karatasi. Tona haikauki wewe ukiwa safarini.

Dukani ulizia kwanza bei ya tona, ndipo uulize ya printa. Ile inayokuja nayo mara nyingi huwa pungufu. Kwa nyaraka za mzigo, nyeusi tupu inatosha.

Ukifika nyumbani, chagua jina la mtandao wako kwenye printa na uingize neno la siri. Nyingi za bei ya chini hupokea masafa ya GHz 2.4 tu, si 5. Wengi hudhani bila bando haichapi. Sivyo: ukishaweka programu yake, simu na printa zikiwa kwenye ruta moja, hati iliyohifadhiwa kwenye simu huchapwa hata bando likiisha.

Angalia umeme. Inapopasha joto huvuta mamia ya wati kwa mkupuo. Usiichomeke kwenye UPS ndogo ya kompyuta. Nunua na waya wa USB, kwani mara nyingi haumo kwenye boksi. Ruta ikigoma saa tisa usiku, utachapa kwa waya huo kutoka kwenye kompyuta.