Kamera Iliyoitazama Bandari na Kuipa Kisogo Kariakoo

Anayetaka kujua Ikulu ya Dar es Salaam ilivyokuwa enzi za Wajerumani hawezi kulitegemea jengo la leo. Makombora ya manowari za Uingereza yaliliharibu lile la awali mwishoni mwa 1914, na hili tulionalo lilikamilika 1922 kwa mchoro wa J. H. Sinclair. Lile la awali, kasri ya gavana, limebaki kwenye picha na kadi za posta. Lakini kamera zilizozipiga, ya Walther Dobbertin aliyekuwa na studio mjini ikiwa mojawapo, zilipenda ufukwe: kanisa la Kilutheri, lile la Kikatoliki la Mtakatifu Yosefu, ofisi za serikali. Wanunuzi walikuwa maofisa, walowezi na abiria wa meli. Nyumba za makuti za upande wa bara zilipigwa kama mandhari ya “wenyeji”, si kama majengo.

Ndiyo maana wako wanaosema picha hizo ni tarumbeta ya mkoloni, hazifai kwa historia ya ujenzi. Hoja ina uzito, ila inasahau jinsi kamera inavyofanya kazi. Mpigapicha huchagua pa kusimama na wa kumsimamisha mbele. Hawezi kuchagua kila kinachoingia kwenye sahani ya kioo. Nyuma ya askari aliyepangwa kwa fahari huonekana fito zilizofungwa kwa kamba, udongo uliobanduka, urefu wa upenu, baraza na mlango wake. Nyumba ambayo haikuchorewa ramani ina shahidi gani mwingine wa namna hiyo? Ni kweli kadi zilipakwa rangi, na mhuri wa posta si tarehe ya picha. Hapo majengo yenyewe husaidia: picha yenye sanamu ya Askari haiwezi kutangulia 1927, na yenye kasri nzima ya gavana haiwezi kuwa ya baada ya 1914.

Kariakoo, mtaa wa upande ule wa bara, inahitaji usomaji huo kuliko eneo la Posta karibu na ufukwe. Banda la Wajerumani, lililogeuzwa kambi ya wapagazi wa Carrier Corps na kuupa mtaa jina, likawa soko 1923. Miaka ya 1970 likapisha jengo la msanifu Beda Amuli, ambalo nalo liliungua Julai 2021. Soko angalau lilipata wa kulipiga picha. Nyumba za vyumba sita zilizolizunguka zimepisha maghorofa, na anayetafuta umbo la baraza zake atalipata nyuma ya bega la mtu aliyelengwa na kamera.