Jino la Turkana na mkataba wa miaka miwili

Mwaka 2016 vipande vya ganda la yai la mbuni kutoka Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, viliwafanya wanakemia wa Ulaya wafute walichokuwa wakifundisha. Umri wa ganda hilo ni miaka milioni 3.8. Mbuni aliyetaga yai hilo alitangulia hata wale walioacha nyayo zao kwenye majivu ya volkano hapo hapo Laetoli, nyayo ambazo Mary Leakey na wenzake walizifukua miaka ya 1970. Ndani ya ganda mlikuwa na vipande vya protini, na mpangilio wake ukasomeka.

Kilichowashangaza ni joto. Protini ni mnyororo wa asidi amino, na kadiri ardhi inavyozidi joto ndivyo mnyororo unavyokatika. Kwa hiyo wataalamu walielekeza macho kwenye nchi za barafu. DNA ni dhaifu zaidi: ile ya Greenland, iliyokaa ndani ya ardhi iliyoganda, imedumu miaka milioni 2, ilhali huku kwetu mtu wa Mlambalasi, karibu na Iringa, ambaye DNA yake ilitangazwa 2022, aliishi yapata miaka 18,000 tu iliyopita. Mkazi wa Asiatique, mtaa wa Bujumbura ambako shati limeshalowa jasho kabla duka halijapata mteja wa kwanza, hahitaji kuelezwa joto linaweza kufanya nini.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1954 Philip Abelson, wa Taasisi ya Carnegie nchini Marekani, alionyesha kwamba asidi amino zimo ndani ya visukuku vya kale sana. Hakuweza kuzisoma kwa mpangilio, kwa kuwa mashine za kazi hiyo hazikuwapo. Zilipokuja spektromita za masi, mashine zinazopima uzito wa molekuli, mambo yakaenda mbio, na pengine mbio kupita kiasi. Mwaka 2007 kundi la Mary Schweitzer na John Asara lilitangaza protini ya dinosau wa Montana mwenye miaka milioni 68. Wenzao wakauliza kama si uchafu wa maabara, na ugomvi huo haukuisha vizuri. Tangu hapo kila anayetaja protini ya kale hutanguliza maelezo ya jinsi alivyojikinga na uchafu.

Ganda la Laetoli lilitoa hoja iliyo wazi zaidi. Beatrice Demarchi, Mwitaliano aliyefanya kazi York, Uingereza, kisha Turin, pamoja na Matthew Collins na wengine, walikuta kwamba kipande kilichosalia ni kile kile ambacho hesabu za kompyuta zilionyesha kuwa kinang'ang'ania madini ya ganda kuliko vingine vyote. Madini yalikikumbatia, na joto likashindwa kukitenganisha. Kwa hesabu yao, miaka ile ya Laetoli ni sawa na miaka milioni 16 mahali penye nyuzi 10 za Selsiasi muda wote. Dai kwamba Afrika ina joto mno halikusimama tena.

Wakati huo kitovu cha utafiti wa protini za kale kilikuwa kinahamia Copenhagen, kwa Enrico Cappellini na wenzake, na zamu ya ganda ikachukuliwa na jino. Enameli ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, na protini chache zilizobaki ndani yake zimefungiwa humo. Kuisoma ni kazi ya mikono mitulivu. Mtafiti hukwangua uso wa nje na kuutupa, maana ndiko uchafu uliko. Kisha huchimba unga kidogo sana, unaohesabiwa kwa miligramu, na kuuyeyusha katika asidi. Vipande vya protini hunaswa kwenye kichujio kilicho ndani ya ncha ndogo ya plastiki, vikaoshwa na kuingizwa kwenye mashine inayopima uzito wake. Sambamba na hilo hupitishwa sampuli tupu isiyo na jino. Ikiwa nayo itaonyesha protini, kazi ya wiki nzima imeharibika.

Mengi ya mambo hayo hufanywa na watafiti wa baada ya uzamivu, watu wenye shahada ya juu kabisa na mkataba wa miaka miwili au mitatu. Frido Welker alikuwa kwenye hatua hiyo Copenhagen wakati protini za nyani mkubwa wa China, Gigantopithecus, zilipochapishwa 2019, na za binadamu wa kale wa Atapuerca, Hispania, 2020. Palesa Madupe, mwanasayansi wa Afrika Kusini, naye alikuwa huko kwa kazi ya aina hiyo. Mei 2025 yeye na wenzake walitangaza protini za meno manne ya Paranthropus robustus, jamaa wa kale wa binadamu, kutoka Swartkrans, Afrika Kusini, yenye umri wa takriban miaka milioni 2. Jino moja, lililodhaniwa kuwa la jike kwa sababu ya udogo wake, lilikuwa la dume. Protini moja ya enameli hutengenezwa na jeni iliyo kwenye kromosomu ya Y, na vipande vyake vilikuwamo.

Julai mwaka huo huo zilikuja habari mbili ndani ya jarida la Nature. Ryan Paterson, naye mtafiti wa baada ya uzamivu Copenhagen, alikuwa na faru wa Aktiki ya Kanada, mwenye miaka zaidi ya milioni 20. Hiyo ni nchi ya baridi, haishangazi sana. Iliyonigusa ni ya pili: Daniel Green wa Harvard, Timothy Cleland wa Smithsonian na wenzao, wakiwemo wa Kenya, walisoma meno ya faru na jamaa za tembo kutoka bonde la Turkana, kaskazini mwa Kenya: Buluk penye miaka milioni 16 na Loperot penye milioni 18. Turkana, nchi ya joto! Madai ya namna hiyo yatahitaji kurudiwa na maabara nyingine kabla ya kuaminiwa moja kwa moja, lakini mlango umefunguliwa.

Hapa ndipo ninaposita. Pwani ya Ziwa Tanganyika ilishazoea kuona meno yakiondoka. Misafara ya Ujiji ilibeba pembe za ndovu, na pembe ni jino. Mifupa nayo iliondoka: mfupa wa Ishango, wenye mikato ya watu wa kale, uliochimbwa 1950 na Jean de Heinzelin ukingoni mwa mto Semliki, mashariki mwa Kongo, uko Brussels. Leo meno husafiri kwa vibali na mikataba, tofauti kubwa na ya haki. Ila mashine ziko Marekani na Copenhagen, na ajira huifuata mashine. Kisukuku kinaweza kuwa cha Turkana na ofisi ya anayekisoma ikawa kando ya bahari ya Denmark.

Hata hivyo mlango wa ajira hizi ni mpana kuliko wengi wanavyodhani. Matangazo yake huwatafuta wanakemia na watu wa takwimu za kompyuta pamoja na wa akiolojia. Mhitimu wa kemia wa Chuo Kikuu cha Burundi, akishamaliza uzamivu, anaingia. Mfuko wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya hupokea raia wa nchi yoyote, mradi ana uzamivu, hajapita miaka minane ya utafiti tangu aupate, na hajaishi katika nchi ya maabara anayoiomba zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyopita. Kwa sharti hilo la mwisho, kijana wa Asiatique ambaye hajawahi kutia mguu Denmark ameshafaulu.